Bega la Kanzu

Shangazi, fundi cherehani aliyemfundisha kijana kushona, alimpigisha magoti ili apime kola ya kanzu. Kesho kijana angeivaa mbele ya askofu, aanze safari ya upadre. Mwezi mzima alikuwa amemwomba Mungu amwonyeshe njia, akaambulia kimya.

"Tulia, Baba Paroko!" shangazi alimtania, pini zikiwa mdomoni. "Au umeshaanza kusali?"

"Bega la kushoto linavuta, shangazi. Tufumue mkono."

"Nani ataona?"

Kijana alikwisha kuivua kanzu. Aliiweka mapajani, akafumua uzi mmoja mmoja. Na moyo wake, uliokuwa ukimdunda tangu alfajiri, ukatulia tuli.

Shangazi alizitema pini kiganjani. "Mwanangu, kumbe huendi kesho? Mama yako nimwambieje?"

"Mwambie nimejibiwa," alisema, akanyoosha mkono kuomba sindano.