Mikono Iliyofunga Chumba

Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa Mama Pilipili, na katika ukumbi ule mzima hakuna aliyetamani mkono huo ubaki chini kama yeye mwenyewe.

Lakini angefanyaje? Mwenyekiti wa kijiji alisema, "Wanaotaka chumba cha wagonjwa wa akili pale zahanati kifungwe, wanyooshe mikono," kisha akamkodolea macho yeye. Watu wote wakamgeukia. Hiyo ndiyo taabu ya kuwa na ulimi mkali: watu huja mkutanoni kukusikiliza wewe.

"Kifungwe!" akasema. "Nikipeleka nyanya sokoni naulizwa kama na zenyewe zina wazimu!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Fundi cherehani akadakia kutoka nyuma, "Na binti zetu nani atawaoa? Mposaji hajafika hata njia panda, keshauliza kama mtu anakunywa dawa za kule!"

"Mbolea yetu inalowana," mwenyekiti akaongeza, "vichaa wamewekewa bati jipya!"

Nesi alikuwa amesimama karibu na mlango, sare yake imepauka kwa kufuliwa. Katika zahanati zote za upande ule, ni yeye peke yake aliyesomea maradhi ya akili.

"Haya, nesi," mwenyekiti akamgeukia. " Hao wagonjwa wako ni akina nani? Mbona hatuwaoni? Au unatibu mijusi?"

Nesi akangoja kicheko kiishe. "Mimi siruhusiwi kumtaja ninayemtibu," akasema. "Lakini yeye mwenyewe anaruhusiwa kujitaja."

Mtu mmoja akakohoa. Mama Pilipili alihisi jasho likimteremka katikati ya mgongo.

Mwaka uliopita binti yake wa mwisho, kitindamimba, aliacha kuoga, akaacha kula, akawa anakaa ameuelekea ukuta akibishana na watu asiowaona mtu mwingine. Majirani waliambiwa ni malaria. Nesi ndiye aliyemrudisha, kidonge kwa kidonge, na Mama Pilipili alikuwa akizifuata dawa hizo alfajiri, kwa kupita nyuma ya vyoo vya shule, kanga imemfunika hadi puani. Sasa binti alikuwa akipepeta mahindi na kumcheka mama yake anayetafuta miwani iliyo kichwani mwake. "Zisikatike hata wiki moja," nesi alimwonya. "Zikikatika, yatarudi."

Basi akajipa moyo. Mkono mmoja si kitu. Watu wenye huruma hawakosi. Watakataa, chumba kitabaki, na siri yake itabaki. Akageuka kuwatafuta hao wenye huruma.

Mikono ilikuwa juu ukumbi mzima. Kiongozi wa kwaya alinyoosha yote miwili. Hata mwenyekiti, ambaye hakutakiwa kupiga kura, alinyoosha wake. Nesi aliipitia mikono ile taratibu, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayehesabu kuku wake jioni kabla ya kufunga banda. Kisha akaweka ufunguo mezani, akatoka.

Haukupita muda akahamishwa. Chumba kikajaa mifuko ya mbolea.

Dawa zilizokuwamo nyumbani zilifika siku kumi na moja tu. Wiki ya tatu binti aliuacha ungo katikati ya ua, mahindi yakiliwa na kuku, akaingia ndani akaugeukia ukuta.

"Mama, waambie wanyamaze."

"Akina nani, mwanangu?"

Binti akaziba masikio.

Kliniki ya akili iliyobakia ilikuwa ya hospitali kuu, mwendo wa siku nzima, nayo ilifunguliwa Jumatano ya kwanza ya kila mwezi tu. Mama Pilipili akatangaza kwamba shangazi yake amefariki. Alianzia kilio kisimani, ili habari ienee vizuri.

Jumatatu alimpelekea fundi mfuko wake wa safari uliokatika mkanda. Akakuta mlango umefungwa. Jirani akasema fundi na mkewe wamefuata uzi mjini. Akapita kwa mwenyekiti kuaga. Mke wa mwenyekiti alimpokea mlangoni, asimkaribishe ndani.

"Hayupo. Amekwenda kuzika."

"Na yeye? Wiki ya misiba hii, mwenzangu."

"Acha tu. Hata kwaya jana iliimba bila kiongozi. Ati ameitwa na mjomba wake." Akatazama pembeni. "Haya, poleni. Mungu awatangulie."

Mama na binti waliondoka juu ya lori la magunia. Wakalala nyumba ya wageni ambako paka alikuwa na mto na wao hawakuwa nao. Jumatano asubuhi wakafika kwenye lango la hospitali.

"Kliniki ya akili?" Mlinzi aliwatazama juu hadi chini, mbele ya watu. "Kichaa ni yupi sasa, wewe au huyu?"

"Ni wewe, unayeuliza hivyo asubuhi asubuhi."

"He! Bibi, una pilipili mdomoni!" Akawanyooshea kidole. "Mwisho wa korido, kushoto. Mtabanana huko, benchi limejaa."

Mama Pilipili akavuta kanga hadi puani, akamshika binti mkono, wakakata kona.

Fundi cherehani alikuwa amemlaza mkewe begani. Kiongozi wa kwaya alisoma tangazo la chanjo lililobandikwa ukutani, pua yake ikiligusa. Na mwisho kabisa wa benchi, peke yake, kadi ya kliniki mkononi, aliketi mwenyekiti. Mwenyekiti alisogea kidogo, akampisha binti akae.