Buriani Getini

Geti la treni halifunguki mpaka abiria aache buriani. Unaingia kwenye kibanda cha kioo, unarekodi maneno kwa watu wako, ndipo unapanda. Ukifika salama, maneno yanafutwa na simu ya nyumbani inalia mara moja. Treni ikilipuliwa, maneno yanapelekwa nyumbani kwa simu hiyohiyo.

Siku za mwanzo watu walitoka vibandani wakilia. Sasa Mwantumu, anayepanda kila siku kwenda kazini, husema, “Nisameheni, funguo ziko kwa jirani,” huku akitafuna kitumbua, na geti linaridhika.

Juzi alisafiri pamoja na mumewe, Kombo, mtu ambaye nyumbani salamu yake ni kukohoa. Kombo alikaa kibandani mpaka foleni ikaanza kuguna. Kupitia kioo, Mwantumu alimwona akiongea, akicheka, akifuta macho. Sauti haikutoka nje.

Jioni, akimpakulia mbaazi, alimuuliza, “Baba Rukia, mle kibandani huwa unaniambia nini?”

“Utasikia nikifa.”

“Mimi nataka leo.”

Kombo aliitazama sahani. “Hapa? Nitaanzia wapi?” Akaomba chumvi.

Asubuhi iliyofuata Mwantumu hakwenda kazini. Kombo alipoondoka, alikaa kitandani na simu mapajani. Mlio wa kufika ulichelewa kidogo. Mwantumu akajikuta ameshaiweka simu sikioni, tayari kusikiliza.

Ndipo ikalia. Kombo amefika salama, maneno yamefutwa.

Mwantumu akasema alhamdulillahi, ila ilimchukua muda kuisema.