Dumu Lililooshwa Mara Saba

Uvumi ulimganda mke wa mpiga dawa shambani kama kupe: dawa ya wadudu wa nyanya huenda inaleta saratani. Na maji ya kunywa ya wanawe yalikaa kwenye dumu la dawa hiyo.

"Nimeliosha mara saba," mama mkwe wake alisema. "Mbona hatujafa?"

"Linuse, mama."

Bibi akainamisha pua kwenye mdomo wa dumu. Harufu ya dawa bado ilikuwamo. Kisha akachukua kisu cha mboga, akalitoboa mwenyewe, maji yakamrukia miguuni.

"Haya, beba maji sasa tuone," akaliambia dumu.

Mkamwana akacheka mpaka machozi, akaokota mkaa, akaandika mlangoni:

Usiweke maji kwenye chombo cha dawa.
Usipige dawa bila glavu na barakoa.
Usiingie ndani na nguo za dawa.
Usichume nyanya kabla siku za kungoja dawa iishe hazijapita.