Pipi ya Kumnyamazisha

Daktari alipoinua mdomo wa juu wa mtoto na kumulika kwa tochi, Saady aliyaona meno ya binti yake: visiki vinne vyeusi, na juu yake ufizi uliovimba ukitoa usaha.

"Homa ya wiki tatu nadhani imeanzia hapa," daktari alisema. "Uchafu huu unaingia kwenye damu, na damu inaupeleka moyoni. Moyo wenyewe una tundu. Baba, huyu anakula nini?"

Mtoto alipokuwa mchanga, wazazi wake waliambiwa hospitalini wasimwache alie, maana akilia anakosa hewa. Tangu siku hiyo, kopo la pipi dukani kwake, pale sokoni Kasulu, halikuwahi kuwa tupu. Mtoto akikunja uso tu, Saady anamenya moja. Usiku alimwekea nyingine shavuni, alale nayo. Majirani walisema mtoto yule kabahatika kupata baba.

Daktari akachukua sindano ya kutoa damu. Mtoto akaiona.

Kilio chake kilianza bila sauti, kama siku zote. Midomo ikageuka rangi ya zambarau, kucha zikafuata, na macho yakamtafuta baba.

"Mnyamazishe, baba! Upesi!"

Mkono wa Saady ulikuwa umeshaingia mfukoni. Karatasi ya pipi ikachakarika kidogo tu, na mtoto, kwa kuisikia, akanyamaza, akafungua kinywa.