Mkono wa Bingwa

Saa tatu na robo asubuhi mjane wa Bingwa alikuwa ameshapata vituo mia na nne, na shemeji yake bado anatafuta penseli.

"Iko sikioni kwako," alimwambia bila kugeuka.

Shemeji akaichomoa. Huyu ni mdogo wa marehemu, mwenyekiti wa klabu ya redio, na leo ndiye shahidi. Mashindano ya Morse ya mtu mmoja mmoja yana sharti lisilo na mjadala: mshindani hasaidiwi hata kwa kunong'onezewa. Unagonga herufi kwa milio mifupi na mirefu, kituo cha mbali kinajibu, mnapeana alama za leseni zenu na namba, unaandika daftarini, unasonga mbele. Ni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tatu, kila mwaka.

Klabu ilitaka redio ya Bingwa ikawekwe kwenye kabati la kioo, pamoja na makombe yake saba. Mjane alitaka ibaki pale mezani. Leseni yake mwenyewe ilikuwa na wiki sita tu. Shemeji, mtu wa huruma akikumbuka, akasema haya basi, akifikisha vituo mia tatu redio isiguswe. Wanachama walicheka mpaka wakashika mbavu. Mia tatu Bingwa mwenyewe alizitolea jasho.

Mjane hakucheka wala hakununa. Tangu mazishi hakuwa akihisi kitu. Chakula alikitafuna kama karatasi. Waliokuja kumpa pole aliwashukuru, akawafungia mlango. Hata kulia hakulia, na jambo hilo lilimtia aibu siku za mwanzo, kisha aibu nayo ikamwisha. Kilichobaki macho mwilini mwake ni vidole viwili vya mkono wa kulia, na hivyo vilikuwa kazini.

"Unamwiga kaka vizuri," shemeji alisema saa sita, akimenya chungwa. Mlio ulitoka kwenye spika, wote wawili wakiusikia. "Hata kule kuburuta mlio wa mwisho. Kila mtu na mkono wake kwenye Morse, kama mwandiko. Wa kaka ningeutambua hata usingizini."

"Nimekaa naye chumba hiki miaka ishirini na sita."

"Ndiyo maana. Sisi alikuwa anatufungia mlango. Aliyeruhusiwa ni wewe na chupa yako ya chai." Akajaribu kuingiza magoti chini ya meza, yakagonga ubao. "Hivi alikuwa anakaaje hapa, na urefu ule?"

"Alizoea."

Saa tisa hewa ikafa. Daftari lilikuwa limefika mia mbili sitini na moja. Aliita nusu saa nzima, ikajibu mikwaruzo mitupu. Akaendelea kuita, mgongo umenyooka, uso haumwambii mtu kitu.

Shemeji alichoka kukaa. Akachukua kitambaa, akaanza kufuta vumbi makombe yaliyokuwa bado rafuni pale, moja baada ya jingine.

"Nalipenda hili kubwa," alisema. "Mwaka wa mafuriko. Ndio mwaka nilimbeba mgongoni mpaka hospitali, kidole tumbo kimeshapasuka, barabara yote maji. Wewe ulizingirwa huku nyumbani, huwezi kutoka. Siku tatu kaka hajitambui, na mimi niko kitandani kwake kama mkewe." Akacheka kidogo. "Halafu mwisho wa mwaka matokeo yanakuja, ni yeye wa kwanza. Kaka alikuwa chuma."

"Nakumbuka," mjane alisema, akaita tena.

Saa kumi hewa ikafunguka. Vituo vikarudi viwili viwili, vinasukumana. Mia mbili themanini. Mia mbili tisini na tano. Zilipobaki dakika nne alikuwa na mia mbili tisini na tisa, na shemeji alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, ameacha hata kutafuna.

Aliyejibu alikuwa Daktari wa Meno. Hawajawahi kuonana naye, yuko nchi ya mbali, lakini klabu nzima ilimjua: mara zote saba ameshika nafasi ya pili nyuma ya Bingwa. Akatoa namba yake. Mjane akaiandika.

"Mia tatu," shemeji akasema, na sauti yake ikatetemeka kwelikweli. "Haya. Redio yako, shemeji. Nimekubali."

Mjane alisubiri furaha ije. Haikuja. Ila spika bado ilikuwa inalia. Daktari hakuwa ameondoka, na hakuna mshindani anayepoteza dakika za mwisho kwa maongezi. Shemeji, ambaye Morse aliisoma kwa taabu, herufi moja moja, akainama na penseli yake, akaandika mpaka mlio ukanyamaza.

*Alama mpya, mkono wa zamani. Waliniambia umekufa. Karibu tena, mzee wangu.*



"Umemwiga mpaka Daktari kadanganyika," shemeji alisema, akijipangusa macho, anacheka na kulia kwa pamoja. "Kaka mwenyewe angeyasikia haya angefurahi."

Mjane akazima redio. Machozi yalikuwa yanamtoka, ya kwanza tangu mazishi, na hakuyafuta.

"Lile kombe kubwa," alisema, "ligeuze. Tarehe ya mashindano wameichonga chini, kwenye kitako."

Shemeji akaligeuza. Akalisogeza dirishani penye mwanga, akasoma, akasoma tena, midomo ikihesabu siku. Kisha akalirudisha rafuni polepole, kama kitu cha mwenyewe.

"Shemeji," akasema, "Jumamosi hiyo kaka alikuwa hajitambui, mchana kutwa nimemshika mkono mimi, hospitalini."