Kuku wa Siku ya Ishirini na Nne

Bi Mejumaa aliingia banda la kuku na kisu mkononi.

“Leo siku ya ishirini na nne, tatu zaidi ya kawaida,” akamwambia Mwatime, mke wa mwanawe. “Mayai haya ni viza. Mchinje kuku huyu tumle. Kuku asiyeangua na mke asiyezaa, siwezi kuwafuga wote wawili nyumba moja.”

Miaka mitatu Mwatime alikuwa akiyameza maneno kama hayo. Leo hakuyameza. Akaleta beseni la maji ya uvuguvugu, akapenyeza mkono chini ya kuku, akadonolewa mpaka damu ikamtoka, akayatia mayai majini moja baada ya jingine.

“Unayaosha?” Bi Mejumaa akacheka.

“Naangalia yapi yana uhai, mama. Lenye kifaranga hai hutikisika majini. Na nani aliyekuwa akimwinua kuku huyu kila asubuhi, ayachungulie mayai? Yakipoa huchelewa kuanguliwa, na kesho unamwinua tena! Kama unavyonichungulia mimi tumbo kila mwezi. Hukumwacha aatamie hata siku moja kwa amani, halafu leo unamletea kisu?”

“Unanipandishia sauti mimi?”

“Ndiyo, nakupandishia!”

Kuku alikuwa akikoroma kwa ukali, manyoya yamemsimama. Wanawake wakainamia beseni. Mayai yalielea, yametulia tuli.

Kisha moja likatikisika. Likatulia, likatikisika tena, na viduara vya maji vikaenea mpaka ukingoni, pale ulipoegemea mkono wa Bi Mejumaa wenye kisu.