Mlango Uliozibwa

Hesabu za Mize zilikataa tena. Mwaka mzima alikuwa akitafuta kwa kompyuta jinsi mikondo ya umeme inavyozaliwa baharini sumaku ya dunia inapotikisika, na vipimo vya vituo vyote vilikubaliana naye isipokuwa vya kituo cha kisiwani kwao.

“Kiondoe tu, dada,” alisema Mbwana, mwenzake wa ofisini. “Chombo chao kibovu.”

“Nilikifunga mwenyewe!” Mize alipiga meza. “Kizima kabisa.”

Akaikuza ramani ya miraba ambayo kompyuta iliitumia kupiga hesabu. Kati ya kisiwa na bara, pale alipojifunza kuogelea, palichorwa nchi kavu. Mlango mwembamba wa bahari ulikuwa umezibwa, na umeme haukuwa na pa kupita.

“Waliochora ramani wamefukia bahari, Mbwana,” alisema.

Akagusa mraba mmoja wa nchi kavu. Ukageuka buluu, bahari tena.